Mnyororo wa Kataa Nyuma

Eldoret, 6 Julai 2025

Kwa Anko Masila,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Watoto watafunga muhula wa pili mwezi ukiisha, na mume wangu Antony bado anakohoa lakini anakula. Mama yuko Tala na mitumba yake, magoti yanamsumbua, mdomo hapana. Msalimie Anti Mbula.

Nimekupigia simu wiki tatu bila kukupata, ndiyo nikaona niandike. Barua hii naipeleka na basi mpaka Masii, wataiacha dukani kwa Mutunga.

Anko, maji ya bwawa la Masinga yameshuka sana kwa huu ukame, na chini ya lile lililokuwa shamba la mkonge la Mgiriki, gari la reli la Baba limeonekana kwenye matope. Mwenye hoteli hapo, anaitwa Kuria, amelivuta na trakta. Anataka litembee tena, nusu kilomita kutoka hotelini mpaka majini, kwa ajili ya wageni. Alitafuta mtu wa kulitengeneza akaelekezwa kwangu kwa sababu nafundisha ufundi wa chuma hapa chuoni. Hakujua ni gari lililomuua baba yangu. Nilipomwambia, akasema basi hakuna mtu mwingine wa kuliendesha siku ya kwanza isipokuwa mimi. Itakuwa Jamhuri, 12 Desemba. Mama ataketi mbele.

Bati limebaki, lakini vya chini vingi vimeoza. Waliolifanyia kazi wamekufa, umebaki wewe. Nichongee mfano wake kwa mti, mdogo, na kila kitu mahali pake, nipate kuufuata.

Na Anko, ukishika kalamu, niambie vile Baba alikufa. Miaka thelathini na sita nimesikia neno moja tu, kwamba alikuwa amelewa. Mama amelibeba hilo neno kama mtungi usio na ngata.

Kile kifaru cheusi ulichonichongea nikiwa mdogo bado kiko mezani pangu. Hata sasa ndicho kimekalia karatasi zisipeperuke.

Mtoto wako,
Mwelu Ndambuki


Masii, 27 Julai 2025

Kwa Mwelu, mwalimu wa vyuma na binti ya ndugu yangu,

Salamu zangu nimezipunguza, kwa sababu ningezituma zote hilo basi lingevunjika springi kabla ya Nakuru. Mbula hajambo. Mbuzi mwekundu amezaa watatu, na wote wanafanana nami kwa akili. Mvua hakuna. Tunakula muthokoi ya mahindi ya mwaka jana na tunashukuru.

Simu yangu usiitafute. Ilimezwa na kambare katika mto Athi nikinawa uso. Ndolo, tunayechonga naye, ni shahidi. Ilimpigia tumboni mara mbili huyo samaki akienda zake, mara ya tatu nadhani alipokea.

Sasa juu ya gari. Umemuuliza mtu anayejua. Hilo gari lilikuwa linaitwa Kataa Nyuma, na mimi ndiye nilikuwa taniboi wake, msaidizi wa dereva, tangu nilipotoka darasa la saba. Baba yako aliendesha, lakini akili ya gari ilikuwa kwangu. Mgiriki mwenyewe alisema kutoka kwao Ulaya mpaka Yatta hajaona kijana kama Masila. Siku moja nililiendesha kwa mkono mmoja, mkono wa pili nikiwa nimeshika kuku wa Mgiriki asiruke, na tukampita twiga anayekimbia.

Reli yake ilikuwa nyembamba, futi mbili tu, ungesema ni njia ya mbuzi. Pua ilikuwa ya lori, mgongo wa benchi mbili, watu wanane. Gia ya kurudi nyuma halikuwa nayo, ndiyo maana ya jina. Lakini chini ya tumbo, katikati kama kitovu, kulikuwa na jeki. Ukifika mwisho wa reli unaishusha, gari linainuka lote, unalizungusha kwa kidole kama sinia ya mandazi mpaka linaangalia ulikotoka, halafu unaikunja jeki irudi tumboni. Watu walitoka Kithyoko kuja kuona tu hiyo.

Nitakuchongea. Nitatumia jakaranda, na magurudumu mpingo. Wachongaji wa Wamunyu wakiliona wataficha patasi zao.

Juu ya ndugu yangu, wacha aliyelala alale.

Ni mimi, fundi,
Masila


Eldoret, 10 Agosti 2025

Kwa Anko Masila,

Tumefurahi na barua yako, nimeisoma kwa sauti mezani, watoto wanataka kumwona huyo kambare. Antony amepona.

Wiki jana nilifika Masinga. Nimelala chini ya gari saa tatu nzima. Jeki ipo, kutu lakini ipo. Breki pia ipo: mkono wa kuvuta, na mkanda unaozunguka ngoma ya chuma kwenye mhimili wa magurudumu. Mkanda nitaubadilisha. Kuria ameshaanza kulaza reli. Mahali pa kugeuzia patakuwa pale pale pa zamani, hatua kumi juu ya maji, na mteremko wake bado uko vile vile.

Kitu kimoja kimenishinda. Nyuma, karibu na ngazi, kuna mnyororo mfupi umechomelewa kwenye chasi. Mwisho wake una pete, na pete haina kitu. Hapo palining'inia nini?

Na kuhusu Baba hukunijibu. Aliyelala alale ni sawa, lakini amelalishwa na jina la mlevi.

Mwelu


Masii, 14 Septemba 2025

Kwa Mwelu,

Nimechelewa, usihesabu. Patasi iliingia kwenye kidole, na kwa vile damu yangu ni nzito kuliko ya watu wengine, kupona huchukua muda. Nyumbani ni wazima. Mbuzi mmoja kati ya wale watatu ameliwa na fisi, yule mwenye akili kidogo. Mbula anasema mama yako alipita hapa sokoni siku ya soko, mimi sikuwapo.

Gari limefika kiunoni. Pua nimemaliza, taa nimeweka shanga. Ni zuri mpaka linanichosha. Lakini nikwambie jambo. Meza yangu unaijua, niliipima mwenyewe kwa maji ndani ya chupa, haina mteremko. Juzi nimeweka gari juu, nikageuka kuchukua msasa, nikasikia kitu kimeanguka. Nikaliokota. Jana tena. Mbula akaja na kijiwe akakiweka nyuma ya gurudumu, nikamfokea akitoe. Sijui kwa nini nilimfokea. Yeye alienda zake jikoni.

Huo mnyororo ulikuwa wa mbwa wa Mgiriki. Mbwa mkubwa, jina nimesahau, alikuwa anapenda reli.

Masila


Eldoret, 28 Septemba 2025

Kwa Anko,

Pole kwa kidole na kwa mbuzi. Sisi ni wazima.

Mnyororo nimeupima, ni shubiri mbili. Mbwa wa kufungwa hapo angejinyonga kabla gari halijatoka kituoni.

Nimemuuliza Mama kuhusu ile Jumapili Baba alipokufa. Wewe umekuwa ukisema siku zote kwamba siku hiyo ulikuwa Masii. Mama anasema wewe ndiye uliyemletea habari, ukitoka shambani, kabla jua halijageuka, na kwamba mikono yako ilikuwa myeusi kwa oili mpaka viwiko. Anasema alikupa maji unawe ukakataa.

Mimi sikushtaki, Anko. Nauliza.

Mwelu


Masii, 2 Novemba 2025

Mpendwa Mwelu,

Salamu kwa Antony na watoto. Tumepata manyunyu, vumbi limelala kidogo. Mbula anakutumia kunde kavu kwenye hicho kiondo.

Chini ya kunde ndiyo Kataa Nyuma. Fungua polepole. Nimelichonga kwa siku sitini na mbili, na kila msumari ni kama ulivyokuwa, kwa sababu kichwa changu ni ghala. Jeki inashuka kweli, vuta hapo chini kwa ukucha, utaona linainuka na kuzunguka. Breki inafunga kwa uzi. Hata mnyororo nimeweka, ule wa mkufu wa Mbula ulioharibika. Ulikuwa wa kengele. Ndiyo, nilisema mbwa, lakini mbwa alikuwa baadaye. Kengele ya kufukuza ng'ombe kwenye reli.

Wazungu wawili waliosimama hapa kibandani walitaka kulinunua, nikawaambia afadhali waninunue mimi.

Mwelu, nisikize kama mtu mzima. Mkifika kule chini, msiligeuze. Waambie wageni washuke waone maji, halafu livuteni juu na trakta, kinyumenyume. Kugeuza ni kazi ya watu wa zamani. Basi.

Mama yako umpe kiti cha nyumbani, akae juu hotelini anywe chai. Haina haja yeye kupanda.

Masila


Masinga, 16 Novemba 2025

Kwa Anko Masila,

Niko Masinga sasa, nimepewa likizo mpaka baada ya Jamhuri, kwa hiyo ukiandika tuma hapa hotelini. Nimekuja na kitabu changu cha michoro na kile kifaru, hapa upepo wa bwawa hauna adabu. Kunde zimeliwa.

Mfano wako umewanyamazisha mafundi wote. Tumeuweka juu ya pipa na kila asubuhi tunauangalia kabla ya kushika spana. Kitu kimoja kimewachekesha: ukiuweka chini ukiwa umefungwa breki, unakataa kwenda mbele, lakini nyuma unateleza. Wamesema ni uzi umelegea.

Gari lenyewe liko tayari. Tulilijaribu kwenye mteremko likiangalia maji, breki imefungwa, wanaume watatu wakalisukuma na halikusogea hata unyoya. Kugeuza lazima tutageuza, ndicho Kuria amewaahidi wageni, na ndicho Mama anachotaka kuona. Ameniambia Baba alikuwa akiligeuza akiwa amepiga magoti nyuma yake, akikunja jeki, na kwamba alikuwa akiimba. Ameshona nguo ya kitenge kwa ajili ya siku hiyo. Hajashona nguo tangu nimjue, huvaa anachouza.

Kwa hiyo niambie kwa neno moja, kwa nini nisiligeuze? Na usiniletee kengele. Nimeona alama kwenye ile pete, ilibeba kitu kizito kilichotolewa na kurudishwa kila siku.

Njoo wewe mwenyewe. Kutoka Masii si mbali. Mama anasema hujakanyaga Masinga tangu Baba alipokufa.

Mwelu


Masii, 10 Desemba 2025

Mwelu,

Mbula ni mzima. Mimi sijui kama ni mzima.

Jana niliazima simu ya Ndolo nikapiga namba yako. Aliyepokea ni mama yako, akasema uko chini ya gari. Sauti yake haijabadilika. Nikamwambia habari ya mbuzi. Nilimwambia ule uongo wa kambare, akacheka, nikakata. Mimi mtu wa maneno. Ndiyo sababu naandika, karatasi haicheki. Ndolo amekubali mpwa wake wa boda boda aje nayo mpaka mkononi mwako.

Hiyo breki ni ya mkanda. Gari likitaka kwenda mbele, mkanda unajikaza wenyewe, unakula ngoma, na wanaume watatu ni bure, hata kumi. Ukishaligeuza likaangalia juu, linataka kurudi nyuma, na hapo mkanda unajilegeza. Hautelezi mara moja. Unakaa kidogo, unakudanganya. Hii haikuandikwa mahali popote. Baba yako alijua, mimi nilijua, ndiyo maana palikuwa na kabari, kipande cha mti cha kuwekwa nyuma ya gurudumu kabla mtu hajakaribia jeki. Ilifungwa kwenye huo mnyororo isipotee. Kuiweka ilikuwa kazi ya taniboi. Taniboi ni mimi.

Ilikuwa ya mpingo, nyeusi, imebanwa na magurudumu miaka mpaka ikang'aa. Wewe umezaliwa kwa wachongaji, ngoja nione kama utaelewa. Mchongaji hawezi kuangalia mti na kuuona mti. Mimi kila siku nikiishika hiyo kabari, nene huku, nyembamba huku, nilikuwa namwona kifaru ameinamisha kichwa. Miaka miwili namwona. Mpingo wa namna hiyo huku kwetu ulikuwa umeisha. Nikasema nitamtoa, na gari nitalitafutia kabari nyingine.

Jumamosi nikaichukua. Mahali pake nikaweka kipande cha mlingoti wa mkonge, nikakichonga umbo lile lile, nikakipaka oili chafu ya injini mpaka kikawa cheusi. Ukikiangalia huwezi kujua. Nilijisifu sana kwa hiyo kazi, Mwelu, nilicheka peke yangu. Jumapili gari halikuwa linatembea. Jumatatu ningekata mti mgumu.

Jumapili asubuhi Mgiriki akataka kwenda kuangalia pampu. Ndugu yangu akaja kuniita, nikamwambia tumbo linaniuma, kwa sababu kifaru kilikuwa kimebaki masikio tu. Akaenda peke yake. Akamshusha Mgiriki, akageuza gari, akaweka kabari, akavuta breki, akapiga magoti nyuma akunje jeki.

Mlingoti wa mkonge ndani ni kama mkate; ulisagika, na gari likarudi nyuma likampitia. Mimi nilifika mbio niliposikia kelele. Nilichokipata kwenye reli ni makapi. Nikayatoa pale mnyororoni kwa mikono yangu nikayatupa majini kabla nyapara hajateremka. Ndiyo oili aliyoiona mama yako.

Nyapara akaniuliza, ndugu yako alikuwa vipi leo? Maneno yalitoka kabla sijayatuma. Nikasema alinuka pombe ya kaluvu. Ndambuki hakuwa ameonja kaluvu tangu ubatizo wako. Uongo wangu wote nimeusema kwa raha, huo mmoja niliusema kwa hofu, na ndio pekee watu waliouamini.

Kifaru nilimalizia masikio wiki ya matanga nikakupa wewe, ulikuwa na miaka miwili unalia. Kile kitundu cha mgongoni ulichokuwa unapitisha kamba na kukivaa shingoni, si mimi niliyekitoboa. Kilikuwa cha pete.

Kesho kutwa msiligeuze. Na mama yako asipande. Hii si hadithi.

Masila


Masinga, 11 Desemba 2025

Anko Masila,

Barua ilifika saa nne asubuhi. Niliisoma mara moja nikiwa nimesimama, halafu nikamsomea Mama yote, bila kuruka. Aliomba aletewe kifaru. Alikishika muda mrefu, akapitisha kidole kwenye kile kitundu, akanirudishia.

Mimi nafundisha breki, na mfano wako ulinionyesha mwezi mzima, na nikacheka na wengine.

Kuria alisema wazee hupenda kutisha watu. Kwa hiyo tulifanya vile ulivyoandika. Tuliliteremsha tupu, tukaligeuza likaangalia juu, nikavuta breki mpaka mwisho, nikawaondoa watu wote kwenye reli. Lilikaa. Kuria akaniangalia. Mama alikuwa anasali Baba Yetu polepole. Alipofika kwenye mkate wa kila siku, gari lilitoa mlio mdogo kama mlango wa kanisa, likaanza kurudi nyuma. Halikuwa na haraka. Mkono wa breki ulikuwa umefungwa, tuliuona wote ukipita mbele yetu ukiwa umefungwa. Liliingia majini mpaka madirishani ndipo likasimama.

Mama ndiye aliyesema kwanza.

"Kwa hivyo alikuwa amefunga breki," alisema. "Ndambuki alikuwa amefunga breki."

Alikaa chini kwenye vumbi na kile kitenge kipya, alikuwa amekivaa ili nimpime kwenye kiti cha mbele. Sikumwinua. Alikuwa akilia, lakini sikuwahi kumwona amenyooka mgongo namna ile.

Trakta ililivuta saa tisa. Kabla hatujafungua kebo niliweka kifaru chako nyuma ya gurudumu. Kichwa kiliingia chini yake sawasawa, kama ufunguo, na gari likakaa. Tulingoja nusu saa likiwa limekaa. Kesho halitabeba mtu, Kuria amekubali. Litasimama juu hotelini watu waliangalie, na mimi nitatengeneza breki ya pande zote mbili kabla mtu yeyote hajaligusa tena. Kifaru nimekirudisha kwenye mnyororo wake.

Jumapili hii Mama anakuja Masii, misa ya pili. Amezungumza na katekista. Baada ya matangazo utaitwa mbele, na utawaambia watu vile ulivyoniandikia mimi, wale wale waliomzika wakimwita mlevi. Mama ametuma maneno mawili tu nikuandikie: usiongeze kitu.

Umeona barua hii imeanza bila salamu. Salamu ziko kwa Mama. Atakupa au atakunyima, akishakusikia.

Mwelu Ndambuki